Bendi Ikiondokewa na Mtu Wake: Albamu Nne za Panki, Uanze na Ipi?

Mpwa wangu na wenzake watatu wanapiga panki katika chumba kimoja huko Nyakato, Mwanza, magodoro mawili yamesimamishwa dirishani ili majirani walale. Juzijuzi mpiga gitaa wao, ambaye ndiye aliyekuwa akitunga karibu nyimbo zote, alipata kazi Dar es Salaam, akapandia basi Nyegezi na gitaa lake mgongoni. Jumamosi iliyofuata kijana akaja kibandani kwangu Kirumba, ninapotengeneza redio na spika. Akaniamkia, halafu akakaa kimya juu ya kreti la soda. Mwishowe akauliza, "Mjomba, tuendelee au tuvunje?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nilimwekea albamu nne, moja baada ya nyingine, hadi wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni walipoanza kufunga viroba vyao. Zote nne zilirekodiwa na bendi za panki baada ya kuondokewa na mtu waliyemtegemea. Tangu siku hiyo vijana wengine wawili wameniuliza swali lilelile kwa namna nyingine: wana bando la kupakua albamu moja tu, waanze na ipi? Nimeona niandike.

Wengi huku kwetu wakisikia panki wanafikiria kinyozi, nywele zimenyolewa pembeni na kuachwa mstari katikati. Mtindo ule ulienezwa na vijana wa muziki huu. Muziki wenyewe ni gitaa la umeme lililopandishwa hadi kukwaruza, drams za mbio, nyimbo za dakika mbili au tatu, na mwimbaji anayesema jambo lake bila kulipamba. Kila moja ya albamu hizi haifiki dakika 45, kwa hiyo haitakula bando lako.

Na jambo la mtu kuhama bendi si geni kwetu. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka JUWATA Jazz mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, na mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound. Bendi aliyoiacha mwanzo haikufa. Ndiyo Msondo Ngoma. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano. Anayependa dansi anajua kwamba bendi iliyoachwa haisikilizwi kwa huruma. Inasikilizwa kwa kuuliza imebaki na nini.

Kwa hiyo nitazilinganisha kwa maswali manne. Aliyeondoka aliondoka na nini: sauti, kalamu, au mkono wa gitaa? Pengo lilizibwa na nani, mtu wa ndani au mgeni? Albamu inasikikaje katika spika za kawaida kama hizi zetu? Na mwisho, inamfaa nani? Albamu zenyewe ni Another Music in a Different Kitchen ya Buzzcocks (1978), Machine Gun Etiquette ya The Damned (1979), Cut the Crap ya The Clash (1985) na The Gray Race ya Bad Religion (1996).

Aliondoka na nini

Buzzcocks wa Manchester waliondokewa na sauti. Howard Devoto ndiye aliyeimba katika Spiral Scratch, santuri ndogo ya nyimbo nne waliyoitoa wenyewe Januari 1977 kwa pesa za kukopa, chini ya lebo yao New Hormones. Santuri haijapoa, Februari Devoto akaondoka, baadaye akaunda bendi ya Magazine. Ila kalamu hakuibeba yote. Alikuwa akitunga pamoja na mpiga gitaa Pete Shelley, na nyimbo kadhaa za albamu iliyofuata bado zina majina yao wote wawili. Hili ndilo pengo jepesi kuliko mengine ya hapa: mwimbaji kaenda, mtunzi kabaki.

The Damned wa London walipoteza kalamu na gitaa kwa mpigo mmoja. Brian James ndiye aliyetunga "New Rose" ya Oktoba 1976, inayohesabiwa kuwa singo ya kwanza ya panki ya Uingereza, na ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza ya mwaka 1977. Albamu ya pili ilitoka mwaka huohuo, prodyuza akiwa Nick Mason, mpiga drams wa Pink Floyd, na ikapokewa vibaya. James akaondoka, na mwaka 1978 ulipoanza bendi ikavunjika kabisa. Waliporudi, walirudi bila mtu aliyekuwa akiwatungia. Mpwa wangu alipofika hapo aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Kwa The Clash, mtu hakuondoka, alifukuzwa. Mwaka 1982 walimwondoa mpiga drams Topper Headon, na Septemba 1983 wakamwondoa mpiga gitaa Mick Jones. Mwimbaji Joe Strummer alikuwa na maneno, na Jones ndiye aliyeyapa maneno hayo tuni na kujua studioni kila chombo kikae wapi. Mtu wa aina hii hatazamwi sana jukwaani, kwa sababu macho yako kwa anayeimba. Akitoka ndipo unagundua kwamba kila wimbo ulikuwa ukipita mikononi mwake. Kati ya mapengo manne, hili ndilo zito kuliko yote, na bendi ilijitakia yenyewe.

Bad Religion wa Los Angeles walikuwa na watunzi wawili, Greg Graffin na Brett Gurewitz. Mwaka 1994 Gurewitz aliondoka. Lebo yake, Epitaph, ilikuwa imepaa ghafla kwa albamu ya The Offspring iitwayo Smash, huku bendi yenyewe ikiwa imeshahamia lebo kubwa ya Atlantic. Ni kama nyumba yenye visima viwili, kimoja kimefukiwa. Maji yapo, ila zitatekwa nusu ya ndoo za zamani, au kile kilichobaki kichimbwe zaidi.

Nani aliziba pengo

Buzzcocks walisogezana. Shelley alibaki na gitaa lake na akaisogelea maikrofoni. Steve Diggle aliyekuwa akipiga besi akashika gitaa la pili. Besi ikapitia mikono ya Garth Smith kabla ya kutulia kwa Steve Garvey, na John Maher akabaki kwenye drams. Hawakumtafuta Devoto mwingine. Sauti ya Shelley ni nyembamba, ya kijana anayezungumza na msichana huku anatazama chini, na ndiyo iliyoibadilisha bendi: kejeli ya Devoto ikapungua, mapenzi na mahangaiko yake yakaingia. Diggle naye akaleta wimbo wake, "Autonomy", jambo ambalo pengine lisingetokea kama nafasi isingefunguka.

The Damned walifanya hivyohivyo, ila wao walikuwa na kazi kubwa zaidi. Captain Sensible, mpiga besi, akachukua gitaa. Algy Ward akaletwa kutoka The Saints ya Australia kushika besi. Dave Vanian aliendelea kuimba na Rat Scabies akabaki kwenye drams. Kisha wote wanne wakatunga pamoja, na majina ya wote yakaandikwa. Sensible aliyekuwa amesimama pembeni muda wote alionekana kuwa ana tuni kichwani ambazo hakuna aliyewahi kumwuliza. Hapo nilisimamisha muziki nikamwambia mpwa wangu: mpiga besi wenu mmewahi kumwuliza ana nini? Akanijibu hapana, hawajawahi.

Kuna jambo dogo katika albamu hii ambalo linanigusa kila mara. Walikuwa wakirekodi studio ya Wessex, London, wakati uleule The Clash walipokuwa humo wakirekodi albamu yao London Calling. Strummer na Jones wakaingia kuitikia katika wimbo uliobeba jina la albamu. Sauti zao mbili zimo, zinapiga kelele pamoja kama ndugu. Miaka minne baadaye mmoja alimfukuza mwenzake.

Na hao The Clash, waliziba vipi? Walileta vijana wawili wapya kwenye magitaa, Nick Sheppard na Vince White, huku Pete Howard, aliyeingia kabla Jones hajafukuzwa, akibaki kwenye drams. Mei 1985 bendi ilizunguka miji ya kaskazini ya Uingereza ikipiga barabarani kwa magitaa makavu, bila jukwaa wala umeme. Mtu akisema vijana wale hawakuwa na moyo, anawaonea. Shida ilikuwa studioni. Aliyekalia kiti cha Jones hasa ni meneja, Bernie Rhodes, aliyetunga pamoja na Strummer na kusimamia urekodi kwa jina la bandia la Jose Unidos. Mashine ya midundo ikawekwa mahali pa drams za Howard. Hata Paul Simonon, mpiga besi wa tangu mwanzo, hasikiki sana. Besi nyingi ilipigwa na Norman Watt-Roy. Jasho la barabarani halikuingia katika kanda, na hilo linaniuma kuliko makosa mengine yote ya albamu hii.

Bad Religion walimleta mgeni mmoja, na hakuwa mwanafunzi. Brian Baker alikuwa amepiga Minor Threat ya Washington, bendi inayoheshimiwa na kila anayejua panki ya Marekani. Alichukua gitaa, akasaidia kutunga baadhi ya nyimbo, lakini mzigo mkubwa wa kalamu ulimwangukia Graffin. Prodyuza akawa Ric Ocasek wa The Cars. Mwaka 2001 Gurewitz alirudi, na Baker hakuambiwa ampishe. Walibaki na magitaa matatu.

Inavyosikika spikani

Hapa nazungumza kama fundi, maana albamu hizi ndizo ninazojaribia spika kila siku.

Another Music in a Different Kitchen ina gitaa kavu, jembamba, linalokata kama wembe. Prodyuza Martin Rushent aliacha kila kitu kionekane. Inafunguliwa na kipande kifupi cha gitaa la "Boredom", wimbo wa enzi za Devoto wenye solo maarufu ya noti mbili tu, kisha "Fast Cars" inarukia juu yake. Na mwisho wa albamu kipande kilekile kinarudi. Ni kama bendi inamuaga mwenzao mlangoni na kumkumbuka tena usiku. Nikishabandika koni mpya kwenye spika, wimbo ninaoutegemea ni wa mwisho, "Moving Away from the Pulsebeat". Maher anazunguka drams zake za chini kwa muda mrefu bila kupumzika, na kama gundi haijashika vizuri pembeni, utasikia karatasi ya koni ikitetemeka kabla wimbo haujafika nusu. Katika simu yenye spika ndogo albamu hii haipotezi kitu, kwa sababu haikuwa na besi nzito ya kupoteza.

Machine Gun Etiquette inataka spika yenye kifua. "Love Song" inaanzia kwenye besi ya Ward, imechafuliwa kwa makusudi hadi inanguruma. Mteja mmoja aliwahi kuniambia redio yake bado imepasuka. Nikamwekea wimbo huohuo kwenye spika mpya iliyokuwa bado na nailoni yake. Akausikia mngurumo uleule, akalipa akaondoka nayo. Lakini si mngurumo tu. "Melody Lee" inafunguliwa kwa piano tulivu kabla ya kulipuka. "I Just Can't Be Happy Today" ina kinanda kinachoomboleza. "These Hands" inakwenda kwa mdundo wa sarakasi na inatisha kidogo. "Plan 9 Channel 7" ni pana na ina giza. Kwa mtu aliyezoea dansi, ambapo wimbo mmoja unabadilisha mwendo njiani na kuingia sebene, albamu hii ndiyo itakayokuwa na mlango mpana zaidi. Udhaifu wake ni huohuo: asiyetulia ataona kama anasikiliza bendi tatu.

Cut the Crap ina vitu vingi mno vilivyorundikwa: mashine ya midundo, sinthesaiza, magitaa, na makundi ya watu wanaoitikia kama mashabiki uwanjani. Nimeijaribu kwenye spika nzuri na mbaya, na bado sauti ya Strummer inazama. Bendi yenyewe haikuikumbatia. Seti kubwa ya mwaka 2013 iliyokusanya albamu zao iliiacha nje. Ila usiipite bila kusikiliza "This Is England". Hapo mashine inakwenda polepole, magitaa yanakaa nyuma, na Strummer anaimba juu ya nchi iliyofunga viwanda na kuwaacha watu wake kwenye baridi, kwa sauti ya mtu aliyechoka kupigana. Nimewahi kuiweka jioni akiwepo mzee mmoja wa Igogo aliyepunguzwa kazi kiwandani. Kiingereza hajui. Aliniambia, "Huyu ana msiba." Wimbo huo mmoja una uzito wa kusimama na nyimbo zao bora za nyuma. Nyingine kumi na moja hazifiki hapo, ingawa "North and South", anayoimba Sheppard, ina utulivu unaostahili kusikilizwa mara ya pili.

The Gray Race ndiyo safi kuliko zote kwa masikio ya fundi. Kila gitaa lina mahali pake, drams zinasikika ngumu na wazi, na waitikiaji wanapanda juu kwa sauti zilizopangwa kama kwaya. Nyimbo ni kumi na tano, nyingi za mbio, na kwa anayesikiliza juu juu zinafanana. Utajiri wake uko kwenye maneno. Graffin ni mtu wa vitabu, baadaye alipata shahada ya uzamivu ya elimu ya wanyama Cornell, na anaandika hivyo: "Ten in 2010" ni juu ya dunia iliyojaa watu bilioni kumi, "Them and Us" ni juu ya watu kujigawa makundi. Sisi tunaoishi kando ya ziwa ambalo sangara alipandikizwa akala samaki wa asili tunaelewa haraka mtu anayeimba kuhusu viumbe na matokeo. Uwe na kamusi karibu, lakini.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kusikiliza panki na unapenda wimbo unaoweza kuuimba bafuni, anza na Buzzcocks. Itakufaa pia ukiwa unasikiliza kwa simu ndani ya daladala ya Igoma, na ukiwa na bendi iliyoachwa na mwimbaji huku watunzi wapo. Sikiliza jinsi Shelley hakujaribu hata mara moja kuimba kama Devoto.

Anayependa mashairi, anayesoma, anayetaka neno la kujadili baada ya wimbo kuisha, achukue Bad Religion. Bendi yenye watunzi wawili iliyobaki na mmoja itaona hapo kazi inavyoonekana mtu mmoja akiibeba kwa nidhamu. Baada yake tafuta The Process of Belief ya mwaka 2002, Gurewitz akiwa amerudi, upime tofauti.

Cut the Crap siipendekezi kuwa ya kwanza kwa mtu asiyewajua The Clash, atawadhulumu. Sikiliza London Calling kwanza. Lakini kama uko kwenye bendi na kuna ugomvi, mmeanza kunong'ona kwamba fulani atolewe, basi ni hii mnayoihitaji, na msikilize wote mkiwa chumba kimoja. Iwekeni pamoja na albamu ya kwanza ya Big Audio Dynamite, bendi aliyoiunda Mick Jones. Zote mbili zilitoka Novemba 1985. Mtasikia kila upande ulichobaki nacho, na kila upande ulichokosa. Mwaka uliofuata Strummer alikwenda kumsaidia Jones kutengeneza albamu ya pili ya Big Audio Dynamite.

Mtu wa dansi anayetaka kuvuka kuja upande huu, au mwenye spika kubwa na majirani wavumilivu, aende kwa The Damned. Aende huko pia anayeondokewa na mtunzi, kama mpwa wangu. Yeye aliniomba nimwekee kwenye flashi akaondoka nayo Nyakato usiku uleule. Wiki iliyopita alinipigia simu, nyuma yake nikasikia mpiga besi wao akihangaika na gitaa la solo, noti moja moja, akikosea na kurudia. Nilimwambia kitu kimoja tu kuhusu albamu ile, nawe nakwambia. Mwishoni kuna "Smash It Up" yenye sehemu mbili. Ya kwanza haina maneno. Ni gitaa la Sensible linalomlilia Marc Bolan, mwimbaji wa bendi ya T. Rex, aliyewachukua The Damned katika ziara yake kabla ya kufariki mwaka 1977. Ya pili ni sherehe. Simu nyingine huzikata zikawa faili mbili na kuzichanganya na nyimbo nyingine. Zima uchanganyaji, uzisikilize zikifuatana.